Mkanda wa jeshi: mpe mama mapera, ila dawa kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Shikamoo dada. Mama yangu kapata mkanda wa jeshi, na watu wanasema vitamini C inautibu. Nimpe vidonge vingapi?" Swali hili nimeulizwa mno tangu ijulikane kwamba nami umewahi kunipata, basi leo nalijibu mbele ya wote.

Wangu ulianza na maumivu matupu. Ubavu wa kulia, chini ya ziwa kuzunguka hadi mgongoni, paliwaka kama pamesuguliwa pilipili, na ngozi haina hata kipele. Nikasingizia marobota ya vitenge ninayobeba pale soko la Mwanga. Kisha yakatoka malengelenge, mafungu mafungu, upande mmoja tu. Hata kanga sikuweza kuivumilia. Usiku nililala nimeishika kwa mkono isiniguse ubavuni.

Muuzaji wa duka la dawa jirani akanitolea kopo la vidonge vya kutafuna, vile vya rangi ya chungwa. "Tafuna hivi mama, utakauka wenyewe." Nikamuuliza, hospitali nisiende? Akacheka. Nikalipa, kopo nikalitia kwenye pochi, nikapanda bodaboda hadi hospitali. Hapo najisifu, tena bila aibu, kwa sababu kicheko kile kimewagharimu wengi. Daktari aliniandikia asiklovia, dawa ya kupambana na virusi, ya miligramu 800, mara tano kwa siku.

Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga. Uliugua utotoni ukapona, lakini kirusi hakikuondoka. Kilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Kinga ikilegea, iwe kwa umri, kwa dawa za saratani au kwa VVU, kinaamka na kuufuata mshipa wake hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana unakaa upande mmoja. Asiklovia inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Ukizimaliza saa hizo kwa kutafuna vidonge vya chungwa, umezipoteza. Na ile habari kwamba ncha za mkanda zikikutana mtu anakufa, achaneni nayo. Ukiingia machoni, hapo ndipo pa kukimbia, maana unaweza kupofusha.

Haya, vitamini C. Sisemi ni upuuzi. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Frederick Klenner wa North Carolina, aliandika kwamba aliwadunga wagonjwa wa mkanda sindano za vitamini C na maumivu yakatulia upesi. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha, na mkanda hukauka wenyewe kwa wiki chache hata usipoguswa. Baadaye zikaja tafiti ndogo ndogo za kuipitisha kwenye mshipa wa damu kupunguza maumivu. Sindano na dripu hizo, si kopo la dukani! Hakuna aliyethibitisha kwamba vidonge vinazuia mkanda.

Kinga ya mwili inaihitaji vitamini hiyo, lakini kidogo: miligramu 75 kwa siku kwa mwanamke, 90 kwa mwanamume. Pera moja la wastani linavuka hapo. Sisi wa Kigoma tunajidanganya kwa sombe, yaani kisamvu. Kisamvu kibichi kina vitamini C tele, ila ukishakitwanga na kukichemsha muda mrefu, kama inavyopasa ili sumu itoke, sehemu kubwa imepotea. Kamulia ndimu kwenye samaki wako wa mgebuka akishaiva, kula papai, basi. Ukipitisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na mwenye historia ya mawe kwenye figo anajitafutia mengine.

Kilichoniuma kuliko malengelenge ni wifi yangu. Alikuja kunijulia hali, akakaa mlangoni, chai hakuigusa, na jioni mtaa mzima ukawa unajua nina "ule ugonjwa". Ndiyo, VVU huufungulia mkanda njia, na daktari akikushauri upime, pima. Nilipima. Majibu ni yangu. Lakini uzee peke yake unatosha kuuleta, na huyo mama wa Kasulu asinyanyapaliwe na mtu anayejiita ndugu. Ndugu zangu, mgonjwa anahitaji kuogeshwa na kupikiwa uji, hahitaji mahakama!

Mdogo wangu wa Kasulu, mpeleke mama leo. Malengelenge yake yafunike kwa kitambaa safi, na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga asiyaguse, maana majimaji yake yanaambukiza mpaka yakauke na kufanya vigaga. Vipele vikiisha na maumivu yakabaki, rudini hospitali mkaulize kuhusu amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, inayonywewa usiku kwa dozi ndogo. Mapera mnunulie njiani.