Swift Sport kwenye barabara ya Masaka: inagonga, lakini hairuki

Kijana mmoja wa Bweyogerere ameniandikia wiki hii: "Shikamoo dada. Nimeonyeshwa Suzuki Swift Sport ya mwaka 2013, nyeupe, gia za mkono. Nimeipenda hadi usingizi umenipotea. Lakini kila ninayemwambia ananijibu kwamba gari fupi ikifika kilomita mia ikakutana na tuta, inaruka, inapinduka, na habari yako imeishia hapo. Wewe unayo. Niambie ukweli."

Marahaba, mdogo wangu. Ukweli utaupata, ila itabidi uvumilie na hadithi yangu, maana maneno hayo uliyoambiwa wewe, mimi niliambiwa zamani, tena mbele ya wakwe.

Nauza fremu na lenzi za miwani. Duka liko Kampala lakini wateja wangu wakubwa wako Masaka na Mbarara, kwa hiyo barabara ile naijua kiraka kwa kiraka. Habari za kusubiri gari Mombasa na makaratasi ya mpakani Malaba nazipita. Kila mtu anazo zake na zote zinachosha. Gari ilipofika nyumbani, shemeji yangu mwenye Prado aliizunguka pale uani, akaipiga teke tairi, akauliza, "Hii mmeagizia watoto?" Watu wakacheka. Kisha akamgeukia mume wangu: "Kaka, unamwachia mkeo aende Masaka na hii? Lwera itamrusha mpaka ziwani." Mume wangu naye akacheka. Shemeji nilishamsamehe. Kicheko kile cha pili bado nakisikia.

Nianze na yale ambayo shemeji alikuwa na haki nayo, asije akasema namwonea. Swift Sport ni fupi kweli. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.43, wakati Prado ni mita 2.79. Uzito wake ni kilo 1,050 hivi, na Prado inapita tani mbili. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yanalifikia tuta kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha tangu ya mbele yaligonge. Hujamaliza kulisikia pigo la kwanza, la pili limeshafika. Ongeza hapo springi ngumu, na tairi za 195/45 kwenye rimu za inchi 17, ambazo ukuta wake ni milimita 88 tu, utaelewa kwa nini kila kiraka cha lami unakisikia kwenye kiti. Abiria wasioizoea hushika mlango. Mama mkwe hushika rozari.

Lakini hilo ni pigo, na pigo linaishia mgongoni mwako. Kinachoua ni tairi kuachana na barabara, kwa sababu tairi iliyo hewani haina breki wala usukani. Springi inabeba gari na kulimeza pigo, ila ukiiachia peke yake itaendelea kupanda na kushuka. Shokapu ndiyo inayoituliza, kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo ndani yake. Gari ya spoti hutoka kiwandani na shokapu zinazobana kuliko za gari ya kawaida, kwa hiyo inagonga mara moja, inanyamaza, inaendelea na safari. Gari laini haigongi, ila itakubembeleza mara tatu nne baada ya tuta, na katika mbembeleo wa pili au wa tatu ndipo kona inapokukuta ukiwa juu juu.

Twende Lwera sasa, maana ndiyo niliyotishiwa nayo. Ukivuka Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta, unaingia kwenye kinamasi kabla ya Lukaya. Barabara imejengwa juu ya udongo laini, malori ya mchanga na ya mizigo ya Kongo na Rwanda yanapita juu yake usiku na mchana, na udongo unadidimia hapa zaidi ya pale. Kwa macho unaona lami nzuri, nyeusi, imenyooka. Kwa mwili unasikia mawimbi marefu.

Na mawimbi yana hesabu yake. Gari yenye springi laini, ukiisukuma chini na kuiachia, hupenda kupanda na kushuka takriban mara moja kwa sekunde. Ya spoti ina haraka zaidi, karibu mara moja na nusu hadi mbili. Kwenye kilomita 100, wimbi lenye urefu wa mita 28 linamfikia dereva mara moja kila sekunde, yaani sawasawa na vile gari laini inavyopenda kucheza, na kila wimbi linaiongezea mchezo. Swift kwenye wimbi hilohilo inapanda na kushuka pamoja na barabara, basi. Siku moja nilimfuata shemeji pale, yeye na Prado yake mbele, mimi na ya watoto nyuma. Niliona tako la Prado likizama na kuinuka, likizama na kuinuka, mpaka akawasha taa za breki. Sikumpita. Nilibaki nyuma yake kwa adabu zote hadi Lukaya, na tulipokuwa tunachagua kuku wa kuchoma nikamuuliza kama mgongo haujambo.

Haki yake tena: mawimbi yakiwa mafupi, ya mita kumi na tano hivi, zamu inakuwa ya Swift kutikiswa na Prado inaelea. Kila gari ina mwendo wake mbaya kwenye barabara fulani. Dawa yake ni rahisi na watu hawaitumii: ukisikia gari imeanza kucheza na haitulii, badilisha mwendo kwa kilomita kumi au kumi na tano, polepole, kwa kuachia mafuta. Mchezo unakatika. Kupunguza ndiko salama. Kuongeza nako kunafanya kazi, lakini sheria ya Uganda ina kikomo chake kwenye barabara kuu, na cha chini zaidi ndani ya senta, yaani vituo vya maduka kando ya barabara, kwa hiyo usiseme ni mimi niliyekutuma.

Sasa nikuambie lini Swift iliruka kweli. Shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka, nikanunua mpya kwenye duka moja la spea, ndani ya boksi, na karatasi ya nailoni juu. Sitaji duka. Wiki ile ile, nikiwa natoka Nsangi, nilipita kwenye rasta, yale matuta membamba yaliyopangwa mstari kabla ya kuingia senta, na nyuma ya gari ikahama. Sizungumzii kutetemeka, mkia wote ulisogea kushoto karibu upana wa kiganja, nikiwa nimenyoosha usukani. Nikapunguza, nikaenda mwendo wa harusi hadi kwa fundi wangu. Akaifungua moja, akaisimamisha mezani, akakisukuma kile chuma cha katikati kwa mkono. Shokapu ya gesi ikiwa nzima, ukiikandamiza inakupinga, na ukiiachia inarudi juu yenyewe taratibu. Hii ilishuka puu, kama pampu ya baiskeli iliyokatika raba ya ndani, ikabaki huko chini. Fundi akachukua kisu, akakwangua rangi nyeusi ya nje. Chini yake kulikuwa na rangi ya zamani na kutu. Ilikuwa kuukuu, imepigwa rangi, imetiwa kwenye boksi.

Nilirudi dukani wakaniambia fundi wangu ndiye aliyeiharibu. Basi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hiyo nyeupe kabla hujaitolea pesa, usihangaike kwanza na injini wala redio. Ingiza mkono nyuma ya gurudumu, ushike mwili wa shokapu. Ukiwa mkavu na wenye vumbi jepesi, vizuri. Vidole vikitoka vyeusi, na vumbi limegandamana kama uji, mafuta yanavuja na shokapu hiyo imekwisha. Angalia na ile raba ya njano au nyeusi iliyo kwenye chuma cha juu, inayozuia gari isigonge chuma kwa chuma ikizama kabisa. Mara nyingi imeshakatika vipande na hakuna anayejua. Kisha omba kuiendesha kwenye rasta kwa mwendo wa 50. Sauti moja kavu, inayolingana kushoto na kulia, ni tabia ya gari. Kokokoko upande mmoja ni bushi, yaani raba za viungio, au linki ya stabilaiza, kifimbo kinachoshika chuma cha kuzuia gari isiinamie upande, na hizo si ghali. Mkia ukihama, muulize muuzaji punguzo la shokapu nne au urudishe ufunguo.

Na ukikuta springi zimekatwa, ondoka. Najua vijana wa Kampala wanaona gari iliyolala ni nzuri. Springi iliyokatwa imenyang'anywa nafasi ya kuzama. Tuta la kawaida linaifikisha mwisho, chuma kinakutana na raba, raba na bodi, na wakati huo gari haina springi tena, ina mgongo wako. Hapo ndipo gari inapoinuka na magurudumu mawili kwa pamoja. Wale wanaosema "gari ndogo zinaruka" wengi wao waliiona ya namna hiyo ikiruka.

Uendeshaji nao. Kosa ninaloliona kila siku kwa watu wenye magari ya kila saizi ni kulifikia shimo huku mguu uko kwenye breki mpaka ndani ya shimo. Ukifunga breki pua ya gari inazama, springi za mbele zinajikunja, na nafasi iliyobaki ya kumeza pigo inakuwa ndogo. Tena gurudumu lililobanwa na breki haliviringiki vizuri kulipanda tuta, linaligonga. Funga breki mapema, kwa nguvu unayohitaji, halafu achia kabla tu tairi haijafika. Pua inanyanyuka, springi inajinyoosha, unaingia na nafasi yote. Madereva wa rali wanafanya hivyo kila hatua. Nilikuwa msichana Susan Muwonge alipochukua ubingwa wa taifa wa rali mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kuupata, na tangu hapo sijamsikiliza mtu anayeniambia barabara mbovu ni ya wanaume.

Kona zenye matuta ndani yake ni habari nyingine, na hapa Swift ina udhaifu ambao sitauficha. Magurudumu yake ya nyuma yameunganishwa na boriti moja. Gurudumu la kulia likipanda kitu, la kushoto linapata habari. Mei 2023, mto Katonga ulipokata barabara na sote tukazungushiwa Kanoni na Sembabule, nilijifunza kuiheshimu boriti ile. Lami ya huko ilikuwa safi lakini kona ni nyingi, na kingo zilikuwa zimeanza kumegwa na malori ambayo hayakutarajiwa kupita pale. Ukiwa umeinama kwenye kona na gurudumu la nje likakanyaga kiraka, mkia unajisogeza hatua ndogo nje. Ukishtuka ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na hatua ndogo inakuwa kubwa. Shika mafuta palepale yalipo, mikono ilegee kidogo, usukani usiutikise. Gari itajirudisha. Uingie kona ukiwa umeshapunguza, na maisha yatakuwa marefu.

Nayasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona vijana wenye magari mazuri wakiyafanya majeneza. Una mama. Una watu wanaokungoja. Gari ya spoti inakupa usikivu wa barabara, na mtu anayepewa habari nyingi kiasi hicho halafu akaendesha kilomita 140 katikati ya Mpigi, akipita watoto wa shule na bodaboda, huyo tatizo lake halihusiani na springi. Heshimu watu wa senta. Heshimu mvua. Kagua shokapu, nimeshasema, kagua tena.

Tairi nimezibakiza mwisho kwa sababu ndizo zilizonipa nafuu kubwa kwa juhudi ndogo. Nilizitoa rimu za 17 nikaweka za 16 na tairi za 185/55, saizi ambayo Swift za kawaida huvaa. Kimo chote cha gurudumu kinabaki karibu vilevile, kwa hiyo spidomita haidanganyi, lakini ukuta wa tairi unapanda kutoka milimita 88 hadi 102. Milimita hizo 14 ni raba na upepo vinavyokaa kati ya shimo na rimu. Kwenye kona kali gari imepoteza ukali kidogo, siwezi kukataa. Kwenye rasta za Buwama mama mkwe sasa anasinzia. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni kama saizi ni ya kiwanda, na usikubali kijana wa petroli akupunguzie upepo "ili iwe laini". Tairi yenye upepo mdogo ndiyo inayobanwa kati ya shimo na rimu hadi nyuzi zake zikakatika. Ukiona nundu ubavuni mwa tairi, hiyo haizibwi, inatupwa siku hiyohiyo.

Zile rimu za 17 bado ziko stoo kwangu, nne zote. Anayezitaka aniandikie. Moja imepinda kidogo upande wa ndani, na nimeshalisema hilo kabla hujauliza bei.