Kasi "kulingana na" lori au "ikilinganishwa na" lori?

Swali: Natafsiri muhtasari wa fizikia kwa ajili ya chama cha Kiswahili shuleni. Niliandika: "Kasi ya matatu kulingana na lori ni kilomita 20 kwa saa." Mwenzangu akaweka "ikilinganishwa na". Nani yuko sawa? Tena, "nadharia ya uhusiano" inafaa? – Mwanafunzi, Kisumu

Jibu: Hakuna aliye sawa, ingawa mwenzako amekaribia. "Kulingana na" hutaja chanzo au kigezo: kulingana na sheria, kulingana na polisi. Kwako wewe ni kama lori ndilo lililotoa taarifa! "Ikilinganishwa na" nayo huuliza ipi kubwa, ipi ndogo. Fizikia haiulizi hilo. Inauliza mpimaji yuko wapi. Andika: "Kasi ya matatu ikipimwa kutoka kwenye lori ni kilomita 20 kwa saa."

Tuseme matatu inatoka Nakuru kwenda Eldoret kwa kilomita 80 kwa saa, na mbele yake kuna lori la kilomita 60. Ikipimwa kutoka kwenye lori hilo, kasi ya matatu ni 20. Lori likiwa linakuja upande wa pili, ni 140. Hata ile 80 ina mpimaji wake asiyetajwa, yaani aliyesimama kando ya barabara.

Hadi hapo ni mambo ya mwanasayansi Galileo, karne ya 17. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema mwanga haufuati hesabu hiyo ya kujumlisha na kutoa. Uukimbilie au uukimbie, katika ombwe (mahali pasipo na hewa wala kitu chochote) utaupima kilomita 299,792 kwa sekunde, vilevile. Kwa hiyo vinavyotofautiana baina ya wapimaji ni urefu na muda. Kwa mwendo wa matatu tofauti hiyo ni ndogo mno, wala 140 yetu haiharibiki.

Ndiyo maana kauli "kila kitu ni uhusianifu" (yaani hutegemea mpimaji), inayopendwa sana kwenye insha, haifai: nadharia yenyewe ya Einstein imejengwa juu ya kitu kisichobadilika, kasi ya mwanga. Vilevile usiandike tu "saa ya msafiri huenda polepole". Msafiri mwenyewe haoni kasoro yoyote. Sema "ikipimwa na aliyebaki".

"Uhusiano" tuwaachie jamaa na mataifa. Istilahi ni "uhusianifu". Ya 1905, isiyogusa mvutano (graviti), ni nadharia maalumu ya uhusianifu. Ya 1915, inayoueleza mvutano kama mpindo wa nafasi na wakati, ni nadharia ya jumla ya uhusianifu.