Dona kaondoka na wewe uko katikati ya PhD, unaanzia wapi?

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaanza kutafuta dona mwingine, kabla hujampigia mtu simu kumlilia, hakikisha data zako unazo mkononi na unazo kihalali. Najua ukipata ile imeili ya kusema mradi umesimamishwa akili yote inakimbilia posho, kodi ya nyumba na ada ya muhula, na mi ilinikimbilia huko huko, lakini hela ukiikosa leo unaweza kuipata mwakani, data zikishapotea zimepotea.

Nieleze kidogo nilipokuwa. Nasoma PhD ya afya ya jamii Dar, nilikuwa nimejibanza kwenye mradi mmoja wa lishe na upungufu wa damu kwa watoto. Ada inalipwa na mradi, posho mradi, wakusanya takwimu mradi, mpaka bando la intaneti mradi. Dona wetu simtaji, ila mwaka 2025 mnaukumbuka wenyewe. Tarehe 20 Januari Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, siku chache baadae barua za kusimamisha kazi zikaanza kumwagika, tarehe 10 Machi Rubio, waziri wao wa mambo ya nje, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa, ikafika Julai 1 shirika lenyewe halipo tena, kilichobaki kikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Hapo katikati, mwezi Mei, NIH, taasisi za afya za Marekani zinazotoa ruzuku za utafiti, nao wakasitisha ule utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku afu kumegea taasisi ya nje, na wanafunzi wengi wa huku walikuwa wanaishi kwenye hicho kipande kilichomegwa.

Na msidhani ni Wamarekani tu. Uingereza walishusha misaada yao kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa mpaka 0.5 mwaka 2021, miradi ya utafiti ikakatwa ikiwa nusu njia, afu Juni 2023 serikali ya Sweden ikaacha ghafla kutoa ruzuku mpya za utafiti wa maendeleo kupitia baraza lao la utafiti. Nasema haya kwa sababu nimeona watu wanaona aibu kabisa, wanakwepa korido za idara kama vile wamefukuzwa wao. Dona anaondoka kwa siasa za kwao, hata hajui jina lako.

Haya, turudi kwenye data. Za kwetu zilikuwa kwenye REDCap, mfumo wa kukusanya na kuhifadhi data za utafiti mtandaoni, seva iko kwa mshirika wa nje, na mradi ukifungwa mtu wa data ndo wa kwanza kuondoka maana mkataba wake ni wa mradi. Akaunti zinafungwa kimya kimya, hakuna wa kukuaga. Kwaiyo wiki ile ile omba kwa maandishi faili zima la data ambazo ziko kwenye proposo yako, na usisahau kamusi yake, maana faili lenye safu zimeandikwa q17a na q17b bila kamusi halikusaidii chochote, miezi sita mbele hutakumbuka q17b ilikuwa inauliza nini. Omba na madodoso yenyewe, matoleo yote, fomu za ridhaa, na barua ya mkuu wa mradi inayosema wewe fulani unaruhusiwa kutumia data hizi kwa tasnifu yako na kwa machapisho. Hiyo barua ni dhahabu. Usijifanye mjanja ukabeba kila kitu kwenye flash usiku, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na majina ya watoto wa watu sio ya kutembea nayo kwenye mkoba, chukua faili lililotolewa majina.

Kama unadhani natia chumvi, waulizeni waliokuwa wanategemea data za DHS, zile tafiti za kaya za afya na idadi ya watu zilizokuwa zinalipiwa na USAID. Programu iliyoanza 1984, nchi zaidi ya 90, wote tulikuwa tunaiona kama maji ya bomba, mwanzoni mwa 2025 ikasimama na maombi mapya ya kupakua data yakawa hayajibiwi. Waliokuwa wamepakua mapema waliendelea kuandika, waliosema ntapakua kesho walikwama.

Sampuli nazo zina hadithi yake. Tulikuwa na plazma, yaani majimaji ya damu, kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi za karatasi. Ile friza ni mali ya mradi, na mradi ukifungwa mali zinahesabiwa na zinapelekwa anakosema dona, kwaiyo siku moja anakuja mtu wa stoo na karatasi yake anahesabu friza, ndani kuna nini yeye haimuhusu. Halafu jenereta dizeli yake nani ananunua? Mi nilienda maabara nyingine kuomba sehemu na nilichojifunza ni kwamba ukiomba "naomba mnihifadhie sampuli" unajibiwa tutaangalia, ukienda na orodha, maboksi mangapi, ukubwa gani, mpaka lini, kibali cha maadili kipo, unapewa shelfu. Plazma nilipewa sehemu ndogo tu ikabidi nichague. Zile kadi hazina makuu, ukizifunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu zinakaa kwenye friza ya kawaida ya maabara, ndo zimeniokoa.

Sasa hapa ndo penyewe. Mradi na PhD ni vitu viwili. Mradi ukifa PhD haifi, inapungua. Proposo yangu ilikuwa na malengo mahususi manne na la nne ndo lilikuwa tamu, kuwarudia wale watoto baada ya mwaka tuwapime tena. Nikaenda kwa supavaiza wangu na mipango yangu mikubwa ya kutafuta hela za lengo la nne, nimeandaa na bajeti kabisa.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba, kaa. Data za mzunguko wa kwanza zimekamilika?"

"Zimekamilika."

"Mahojiano ya akina mama?"

"Bado kituo kimoja."

"Basi tutafute nauli ya hicho kituo kimoja. Lengo la nne futa."

Nilitoka pale nimenuna, lakini alikuwa sahihi kwa asilimia zote. Mtahini wa nje hasomi ndoto zako, anasoma tasnifu iliyo mbele yake, anataka kuona swali limeulizwa, limejibiwa kwa njia inayoeleweka na umesema wazi mipaka yake. Utafiti wangu ulikuwa wa kufuatilia watu kwa muda, sasa ni wa kupima mara moja pamoja na mahojiano, kichwa cha utafiti kimebadilika, maswali yamekuwa madogo ila yanajibika. Kuna watu nawajua mpaka leo wanatafuta hela za kukamilisha proposo ile ile kama ilivyopitishwa, wameishikilia utadhani msahafu, na muda wao wa usajili unayoyoma.

Ukishapunguza, fanya karatasi zake. Mabadiliko yapite kwenye kamati ya idara na ya shahada za uzamili, na cheti cha maadili cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kinadumu mwaka mmoja, kikiisha unahuisha, na ukibadili proposo unaomba marekebisho, hata kama unachofanya ni kupunguza. Wenzetu wa Kenya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, nayo ni ya mwaka. Haya mambo yalikuwa yanafanywa na koodineta wa mradi kwaiyo wengi wetu hatujui hata fomu inafananaje, ila koodineta hayupo tena, ni wewe.

Kuhusu usajili: kama unaendelea kuandika, usiahirishe, nenda kaombe kulipa ada kwa awamu. Kama unaenda kufanya kazi ya kutwa sehemu nyingine na unajua kabisa hutagusa tasnifu, basi ahirisha rasmi, kwa barua, upate na majibu ya barua. Kibaya ni kile cha katikati, kupotea tu, mwaka unakatika chuo kinakuhesabia muda na wewe hujaandika aya moja.

Hela sasa. Zigawe, usiseme "natafuta ufadhili" kwa jumla. Kuna ada, kuna hela za utafiti na kuna hela za kula, na kila moja ina mlango wake. Ada unaongea na chuo au mwajiri kama una mwajiri. Hela za utafiti baada ya kupunguza malengo unakuta ni ndogo, nauli na vitendanishi kidogo, hizo ruzuku ndogo zinatosha, watu wa uchumi wanaijua AERC ya Nairobi, watu wa sayansi za jamii CODESRIA ya Dakar. Ila soma vigezo kabla hujajaza chochote, skolashipu nyingi kubwa zinataka anayeanza, wewe wa mwaka wa tatu unakatwa kwenye ukurasa wa kwanza. Programu za kompyuta usinunue, leseni ya Stata, ile programu ya kuchambua takwimu, ikiisha hamia R, inafanya kazi hiyo hiyo na ni bure, utaumwa kichwa mwezi mmoja afu unazoea. Na ada za kuchapisha zilizokuwa kwenye bajeti ya mradi zisikutishe, Tanzania iko kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na majarida mengi yanatusamehe ada yote, ila hakikisha jarida lako lina huo msamaha kabla ya kutuma makala.

Hela za kula ndo kazi ngumu. Konsaltansi ya kukaa mezani, kuchambua data za watu au kuandika ripoti, chukua. Ya kuzunguka mikoani miezi mitatu ikatae kama njaa haijafika pabaya, unarudi umechoka na tasnifu huijui. Mikopo ya kausha damu usiguse hata kwa wiki moja. Na nyumbani waambie mapema, ndugu zetu wakishasikia dokta mtarajiwa wanakuandikia kadi ya mchango wa harusi ya tarakimu sita, nilimwambia shangazi yangu ukweli wote na yeye ndo akawa ananijibia kwenye grupu la familia.

Kuna wanaoniuliza, mimi niko mwaka wa kwanza, proposo imepita, sijakusanya hata dodoso moja na dona kaondoka, nifanyeje? Wewe hali yako ni tofauti na yangu na sitakudanganya. Usikusanye. Kaa na supavaiza mgeuze swali liingie kwenye data ambazo tayari zipo. Utafiti wa NPS wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani utafiti wa kufuatilia kaya kitaifa, unarudia kaya tangu 2008/09, una mambo ya kilimo, matumizi, mpaka vipimo vya watoto, na unapatikana bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, unajisajili, unaandika sababu, unapakua. Pakua leo lakini. Na kama supavaiza hataki kusikia habari ya data za wengine, wakati bado ni mwaka wa kwanza kubadili supavaiza inawezekana, mwaka wa tatu ni vita.