Re: Mzee ana nimonia, dawa anachomwa ila oksijeni inashuka

Pole sana ndugu yangu. Unauliza inakuaje mzee anachomwa antibayotiki siku ya tatu hapo hospitali ya Maweni, Kigoma, alafu oksijeni bado inashuka, na dokta kasema mapafu yana maji ila moyo mzima. Hiyo ipo: chembe nyeupe za damu, hasa zile nyutrofili, zinakimbilia kwenye mapafu kuua bakteria, zinamwaga kemikali kali ambazo hazichagui, zinaumiza na kuta za vifuko vya hewa, basi maji ya damu yanavuja humo ndani na oksijeni inashindwa kupita. Ndo maana bakteria wanaweza kufa na mapafu yakaendelea kuvimba.

Muulize dokta wazi: akilazwa kifudifudi itamsaidia? Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, anahitaji? Dexa (deksamethasoni, nayo ni steroidi) usije ukanunua duka la dawa ukampa mwenyewe, inashusha kinga na sukari inapanda, hiyo nakuomba sana.

Kipimo cha oksijeni kikishuka chini ya asilimia 90 hata akiwa anawekewa oksijeni, akianza kuchanganyikiwa au midomo ikabadilika rangi, ita nesi hapo hapo. Na habari ya rufaa ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ulizeni leo, Kigoma mpaka Mwanza ni mbali na lazima asafiri na mtungi wa kutosha na nesi pembeni.