Msimwandike pitcha kwenye ining ya kwanza

Jumamosi niliwaona wadogo zangu watatu, skauti wa kusaka vipaji vya besiboli, nyuma ya wavu, macho kwenye rada ya kasi kama watu wanaosubiri meseji ya mshahara. Pitcha, yaani mtupaji, akifikisha maili 86 kwa saa, mnaruka. Bega lake hakuna aliyeliona. Haya, fungueni madaftari.

1. Hameni. Kama anatupa kwa mkono wa kulia, nendeni upande wa besi ya tatu. Kifua na kiwiko mtaviona huko.

2. Kwenye maksi za skauti za 20 hadi 80, 50 ni wastani wa ligi kuu ya Marekani, si wa bonanza letu. Kuna mtu kampa mtoto wa kidato cha tatu 60 ya chenjiapu, mtupo wa polepole wa kumhadaa mpigaji. Jamani! Tangu David Matoma wa Uganda asajiliwe na Pittsburgh Pirates, kila mwenye kasi mnamwona Matoma.

3. Kasi haikwambii kama ni starta (anayeanza mechi na kutupa ining nyingi) au rilifa (anayeingia baadaye kwa ining chache). Hili nimelilipia.

Kuna pitcha mmoja, alikuwa na miaka 16, mrefu, mikono kama ya kuchumia maembe bila ngazi. Ining ya kwanza, yaani awamu ya kwanza ya mchezo, aliwatoa bata (wapigaji) watatu kwa straiki, mitupo waliyoshindwa kuipiga. Nikaandika: "Starta. Mkono hai." Nikaenda zangu kutafuta mihogo. Narudi ining ya tano, kasi imeshuka maili tano. Nikaandika "jua kali". Kecha wake, yaani mdakaji, katoto kafupi kenye maneno mengi, akanifuata: "Shikamoo kocha. Mpira unakuja juu tu leo, na anajishikashika kiwiko." Nikamwambia arudi akadake.

Kaunta ya kuhesabia mitupo ilikuwa mfukoni mwangu. Ilisoma 31, na haikusogea tena. Kwa umri ule mwongozo wa Pitch Smart, ule wa Marekani wa kulinda mikono ya watupaji vijana, unasema mwisho mitupo 95 kwa siku, na ukifika 76 unapumzika siku nne. Niliujua kwa kichwa. Kesho yake kocha wao akaniuliza kama aanze fainali. Nikajibu, tena kwa mbwembwe, mkono kama ule hauchoki.

Ining ya tatu ya fainali mpira ukadunda katikati ya njia. Akashika kiwiko, hakulia, akaniangalia mimi.

Baadaye niliitazama video, na kila kitu kilikuwemo. Slaida (mpira unaokata kando) aliitupa mkono ukiwa chini kuliko kwenye fastiboli (mpira wa kasi), na aina ya tatu ya mtupo hakuwa nayo. Bata akikutana naye mara ya tatu angekuwa keshamsoma. Alikuwa rilifa, tena rilifa mtamu: ining moja, mbili, ashuke. Mimi nilimtaka starta kwa sababu starta ndiye anayempa skauti jina.

Siku hizi anacheza besi ya kwanza. Ananiamkia vizuri tu, naitikia marahaba nikiangalia viatu vyake.

4. "Kontroli mbaya" si ripoti. Andika anachofanya: anafungua bega mapema, anatua mguu kila mara sehemu tofauti. La kwanza linarekebishika. La pili nalo, ila kwa uvumilivu.

5. Ongeeni na kecha. Mnunulieni soda kabisa.

6. Yule wa 86 alitupa mara ngapi? Niliwauliza watatu, nikapata majibu matatu. Ni 88, na ana miaka 15. Nikimkuta kilimani, pale pitcha anapotupia, kabla ya Alhamisi tutagombana, na nitaanza na mwenye kaunta.