Kwa Wanaoanza Kutathmini Programu za Kuzuia Dawa za Kulevya Shuleni

Ukipewa kazi ya kutathmini programu ya aina hii, utaletewa kwanza sifa zake: walimu wameipenda, wanafunzi wameshiriki kwa bidii, na dodoso la mwisho linaonyesha kwamba sasa wanayajua madhara ya bangi na pombe kuliko hapo awali. Zipokee taarifa hizo kwa heshima, lakini usizihesabu kuwa matokeo. Kijana anaweza kuyataja madhara yote bila kukosea na bado akatumia. Unachotakiwa kujua ni kama wanaotumia ni wachache kuliko ambavyo wangekuwa bila programu.

Isome historia ya D.A.R.E., programu ya Marekani ya kuwazuia wanafunzi wasitumie dawa za kulevya, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani kufundisha. Ilipendwa na kuenea sana Marekani, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia wanafunzi kwa miaka 10, haukuona tofauti ya maana kati ya waliofundishwa mtaala ule na wenzao.

Wenzao hao ndio msingi wa kazi yako. Matumizi huongezeka kadiri vijana wanavyokua, kwa hiyo ukilinganisha kabla na baada katika shule zilezile, hata programu nzuri itaonekana imeshindwa. Na pale ambapo uvutaji sigara unapungua katika jamii nzima, programu isiyofaa itajitwalia sifa isiyo yake. Zigawe shule kwa kura, baadhi zipate programu na nyingine zisipate, wala usilinganishe zilizojitolea na zilizokataa, kwa sababu shule inayojitolea huwa tayari na uongozi unaojali. Kumbuka pia kwamba wanafunzi wa shule moja hufanana na huigana, hivyo wanafunzi 2,000 kutoka shule nne hawakupi uhakika wa watu 2,000 waliochaguliwa mmoja mmoja.

Linalopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wanaotoweka. Watoro, walioacha shule na waliofukuzwa mara nyingi ndio walio katika hatari kubwa, na usipowatafuta utabaki na picha ya watoto watulivu. Inawezekana kuwapata: jaribio la Hutchinson, kituo cha utafiti wa saratani cha Marekani, kuhusu programu ya shuleni ya kuzuia uvutaji sigara, lililofanyika katika wilaya 40 za shule za jimbo la Washington, liliwafuatilia zaidi ya wanafunzi 8,000 tangu darasa la tatu hadi miaka miwili baada ya sekondari, na likawapata asilimia 94. Programu haikuonyesha matokeo, na kwa uangalifu ule hakuna aliyeweza kusingizia upungufu wa takwimu.

Mwalimu wa darasa asikusanye madodoso. Tumia namba za siri badala ya majina, na uingize jina la dawa isiyokuwepo ili uwatambue wanaojibu ovyo.

Usidhani kwamba programu isiyosaidia angalau haidhuru. Brazil ilipojaribu mtaala uliotoka Ulaya katika shule 72, wanafunzi wengi zaidi wa kundi lililofundishwa walianza kunywa pombe kuliko wa kundi la ulinganisho. Kwa hiyo andika kipimo chako kikuu kabla ya kukusanya takwimu, ukabidhi nakala kwa wafadhili na wakuu wa shule, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ripoti itatolewa hata matokeo yakiwa mabaya.