Kupendekeza wagombea ukumbini siku ya mkutano mkuu: msifanye

Kwa ndugu aliyeuliza kama sako yao (chama cha akiba na mikopo), yenye bodi ya viti 9, iache majina ya wagombea yatajwe palepale ukumbini: hapana. Sheria ya ushirika ya Kenya haimruhusu kuwa kwenye bodi mtu anayelipwa mshahara na chama, anayekopesha watu fedha kama biashara yake mwenyewe, asiyejua kusoma na kuandika, au aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la kukosa uaminifu. Nani atayahakiki hayo huku watu wanasubiri kura na chakula?

Hesabuni mkirudi nyuma. Mkiwa na mkutano tarehe 28 Machi, notisi ya siku 15 kamili iwafikie wanachama kufikia tarehe 12. Majina yatoke pamoja nayo, kwa hiyo fungeni kupokea fomu za mapendekezo tarehe 2, hakikini kwa siku nne, kisha bandikeni orodha na kupokea pingamizi hadi tarehe 10. Kila fomu igongwe muhuri wenye saa, na mgombea apewe nakala.

Fomu nyingi huanguka kwenye sahihi. Mpendekezaji au anayemuunga mkono hajaandika namba ya uanachama, hajachangia kwa miezi kadhaa, au ametia sahihi kwa wagombea wawili wa kiti kimoja. Hilo la mwisho liandikeni kwenye sheria ndogo za chama chenu, maana bila hivyo hamna msingi wa kuikataa fomu.

Malimbikizo ya mkopo ndiyo huleta kelele zaidi. Kuwa na mkopo unaolipwa vizuri si kosa, vinginevyo hakuna mwanachama wa sako angegombea! Andikeni ni malimbikizo ya muda gani yanayomzuia mtu, na yanapimwa siku gani. Mimi ningeweka siku ya kufunga fomu. Mkiacha wazi, mtu atalipa kwa simu asubuhi ya uchaguzi na mtabishana hadi jioni.

Kuna kiti kilichoachwa katikati ya muhula? Kama theluthi ya bodi hustaafu kila mwaka, mnachagua 3 wa muhula kamili, pamoja na mmoja wa kumalizia muda uliobaki. Tangazeni mapema kama kiti hicho kina fomu yake, au atakipata mshindi wa nne kwa kura.

Na mjumbe anayetetea kiti chake asikae kwenye kamati ya uteuzi inayohakiki fomu, hata kama ndiye katibu.